Mbwa Anayeogopa Mtu Akiinama

Mbwa wa mitaani hapa Unguja hujifunza mapema kwamba mtu akiinama, jiwe linafuata. Kashata alilijua hilo vizuri. Watu wa kituo kinachotibu punda na mbwa waliponiletea kwa gari la keri, waliniambia ameshachanjwa chanjo ya kichaa cha mbwa na amefungwa kizazi, mwili hauna shida. Shida ni kwamba kila akimwona binadamu anajichimbia kwenye kona, na mbwa wa namna hiyo hachukuliwi na mtu. Mimi nikae naye nyumbani Fuoni mpaka apatikane wa kumchukua.

Mama aliniangalia tu. "Mwanangu, kwani watu wa kuwalea wamekwisha?"

Tukaelewana. Banda la makuti nyuma ya ua, bakuli lake mbali, na kanga na ndara zangu za kumhudumia mbali. Sisi ni wa madhehebu ya Shafii, mahali palipoguswa na mate ya mbwa panaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kikavu kikigusa kikavu hakuna tabu. Wenzangu walidhani masharti haya yatanishinda kumfunza. Kwa mbwa mwoga yalikuwa ndiyo ufundi wenyewe. Hataki kushikwa, nami sina haja ya kumshika. Halishwi mkononi, kwa hiyo hazoei kumrukia mtu na kumlamba, jambo ambalo huku lingemkosesha wachukuaji wengi.

Mwanzoni sikumfunza chochote. Jioni nilitoka na mbuzi yangu, nikakaa ubavu kwake nikikuna nazi, bila kumtazama usoni. Mara moja moja namtupia dagaa. Sikuwa nawatupa karibu yangu ili kumvuta. Niliwatupa nyuma yake, ale huku amenipa nafasi. Mbwa anayevutwa kwa chakula hufika ameshikwa na njaa na hofu pamoja, akimaliza kumeza anagundua yuko karibu mno, anaruka. Anayeruhusiwa kurudi nyuma hujisogeza mwenyewe.

Nilikuwa natazama mwili wake. Kupiga miayo bila usingizi, kulamba pua wakati hakuna chakula, kugeuza kichwa huku weupe wa jicho unaonekana: hizo zote ni lugha ya "basi, inatosha". Nikiziona naondoka. Wengi husubiri mpaka anangurume, na hapo mambo yameshakwenda mbali.

Kisha tukaja kwenye kuinama. Nilisimama mbali, nikakunja magoti kidogo tu, nikarusha dagaa, nikasimama wima. Basi. Kesho tena, nikishuka chini zaidi pale tu nilipoona mkia haujaingia miguuni. Mpangilio ni muhimu: kuinama kwanza, dagaa baadaye. Ukigeuza, chakula chenyewe kinakuwa dalili ya balaa na mbwa anaanza kukikimbia. Ilichukua muda mrefu kuliko jambo jingine lolote, na ulikuwepo wakati hata kuokota kibanio cha nguo kulimrudisha bandani. Lakini ikafika mahali nikiinama kufagia, Kashata anatoka mbio kuja kutafuta dagaa.

Watoto wa chuo cha Kurani walikuwa mtihani mwingine. Alasiri wanapita nyuma ya ua wamebeba juzuu, makelele, na wawili watatu wana mkono mwepesi. Sikuwagombeza. Nilimwita mkubwa wao, nikampa kazi: kila wakipita, yeye ndiye wa kutupa dagaa juu ya ukuta, wengine wanyamaze. Mtoto akipewa cheo hulinda kazi yake. Mawe yakakoma, na Kashata akaanza kuwasubiri. Niliwafundisha pia kwamba aliyeng'atwa na mbwa yeyote aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu hospitali, hata kidonda kiwe kidogo.

Jirani yangu mtu mzima alikuja kulalamika kwamba nafuga mbwa. Nikamwamkia, nikamkaribisha kibarazani. Nilimkumbusha kwamba Suratul Maida, aya ya 4, inawataja wanyama wa kuwinda waliofunzwa, na wasasi wa kisiwa hiki wamewinda nguruwe kwa mbwa tangu zamani. "Wao wana shamba, mwanangu," akasema. Kweli. Tulikubaliana Kashata asitolewe bila kamba.

Kamba yenyewe niliifunga kwenye mkanda wa kifua, si wa shingo. Mbwa aliyeshtuka hurudi kinyumenyume, na mkanda wa shingo huvuka kichwa ukabaki nao mkononi.

Waliomtaka walikuja, wengi wakiuliza kama ni mkali. Niliwakatalia. Mbwa mwoga akifungwa mnyororo getini hawi mlinzi. Anakuwa mbwa wa kung'ata kwa hofu, na mwisho wake unajulikana. Nilimpa mwalimu mstaafu mwenye shamba la mboga upande wa Kitogani, aliyetaka tu mbwa wa kubwekea kima. Alikuja mara kadhaa kwanza, akakaa ubavu, akatupa dagaa kama nilivyomwelekeza. Nikampa na bakuli lake, kipande cha gunia alicholalia, na kadi ya chanjo, maana kila mwaka hurudiwa.

Hunipigia simu. Kima wanabwekewa, kuku hawaguswi. Pikipiki bado zinamtia bandani, nami nimemwambia amtafute kijana mwenye pikipiki aizime mbali kabisa, na aanze na dagaa.