Mteja alikana malipo benki kwake, hela nikaipata tena hivi

Basi bana nipo zangu Chikongola hapa Mtwara, napiga dizaini za nembo kwa wateja wa nje. Jamaa mmoja wa Marekani akalipa dola 180 kwa kadi, mafaili akachukua, akasifia weee. Wiki tano baadaye nafungua akaunti yangu ya kupokelea malipo, salio linasoma hasi! Kumbe kaenda benki yake kasema huo muamala haujui, na mie hela nilishaitoa nikanunua bati.

Nikataka nimporomoshee matusi, mdogo wangu akaninyang'anya simu. Afadhali, maana zile meseji yule mteja angezitumia kama ushahidi.

Sasa hapa ndo pa kuwa makini, soma kwanza sababu iliyoandikwa kwenye madai ya mteja. Yeye kadai hakulipa yeye, kwa hiyo kutuma nembo tupu na kusema nimefanya kazi kusingenisaidia, ilibidi nioneshe mlipaji ni yeye. Nikachukua imeili yake ya "nimeshalipa, cheki", anwani ile ile iliyopo kwenye malipo, invoisi, tarehe aliyodaunilodi mafaili, na skrinishoti ya tovuti yake nembo yangu imekaa juu kabisa, hana hata aibu. Vyote PDF moja kurasa 3, bila kulialia. Umeme ukakatika nikamalizia kwenye simu, zimebaki siku mbili dedilaini ya kujibu madai ifike.

Ilichukua kama miezi miwili, hela ikarudi, ila ada ya mgogoro, ile unayokatwa mteja akikana malipo, ndo imeliwa jumla. Siku hizi nusu natanguliziwa, na faili lisilo na alama yangu hulioni mpaka umalizie.