Samadari ya bibi kutoka Mkoani hadi Makangale

Kwenye ramani Pemba si kisiwa kirefu: kilomita kama 67 kutoka ncha ya kusini hadi ncha ya kaskazini. Anayetoka Mkoani, mji wa kusini, asubuhi kwa gari mpya anafika Konde, kaskazini, adhuhuri haijaadhiniwa. Sisi tulikwenda na pikapu ya ami, gari ya dizeli ambayo umri wake unakaribiana na wangu, na tulilala njiani. Nikiambiwa leo nichague, nitachagua hiyo hiyo pikapu.

Safari ilikuwa ya samadari. Dada yangu, binti mkubwa wa ami, ameolewa Makangale, na bibi kabla hajafariki aliusia kitanda chake kiende kwake. Tulikifungua vipande usiku: miguu iliyokerezwa, mbavu mbili, na ubao wa kichwani wenye vioo vilivyochorwa maua. Vioo tukavifunga kwa mablanketi, juu tukatandika turubai, tukakaza kwa kamba za makumbi.

Pikapu ile haiwashwi kwa pupa. Unageuza ufunguo nusu, unasubiri taa ya hita izimike, ndipo unapiga stata. Ikishashika, inataka kuachwa ingurume kidogo kabla ya kutiwa gia. Ami humaliza dua yake ya safari wakati huo huo.

Pemba ni vilima na mabonde. Unapanda kwenye mikarafuu na minazi, unateremka kwenye mpunga, unapanda tena, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa kisiwa. Ami hateremki kilima kwa breki. Gia ya kupandia kwake ndiyo ya kuteremkia: anatia namba mbili juu kabisa ya mteremko, injini inaizuia gari, na mguu wake unaigusa breki kwenye kona tu. Gari yenye mzigo ikikanyagiwa breki kilima baada ya kilima, breki zinapata moto, na zikipata moto hazishiki. Madereva wengi wa magari mapya nawaona wanateremka hovyo, taa za breki zinawaka mpaka chini. Hilo silipendi hata kidogo.

Mtambile tulikata kwenda Kengeja kuchukua godoro la sufi alilokuwa ameagiza shangazi. Tuliporudi kwenye barabara kuu, watu wakaanza kupunga mikono. Pikapu yenye bodi wazi haipiti Pemba bila kusimamishwa, na ami hajawahi kumwacha mtu. Mpangilio unajulikana bila kusemwa: mzee na mwenye mtoto wanakaa mbele, vijana nyuma. Kwa hiyo safari hii nimeiona zaidi nikiwa bodini, mgongo kwenye godoro, mkono mmoja kwenye ubao wa samadari.

Bibi mmoja mwenye mkoba wa ukili alikataa kukaa mbele.

"Mwanangu, kitanda cha nani hiki?" akamuuliza ami.

"Cha mama yangu, bibi. Twakipeleka kwa mjukuu wake, Makangale."

Akapanda nyuma pamoja nami, akainua ncha ya blanketi, akakagua vioo kimoja kimoja kwa kidole. Akanionesha kimoja ambacho si cha asili: ua lake limechorwa kwa rangi nzito zaidi, na kingo zake hazikukaa sawa kwenye mbao. Nimelala chumba kimoja na kitanda kile utotoni mwangu na sikuwahi kuliona jambo hilo. Kabla hajashuka alitoa kanga kwenye mkoba, akaipachika baina ya vioo na mbavu za kitanda. Nilipojaribu kumrudishia, alisema tumpe bi harusi. Dada ameolewa zamani, ana watoto, lakini bibi alikwisha kushuka.

Chake Chake tulikula pweza sokoni, tukajaza dizeli, tukashika barabara ya zamani ya kwenda Wete, ile yenye kona nyingi. Ulikuwa msimu wa karafuu. Majamvi yalikuwa yametandikwa pembezoni mwa barabara na kwenye kila uwanja wa nyumba, mengine ya karafuu mbichi za kijani na wekundu, mengine zilizokwisha kuwa kahawia. Harufu inakutangulia kabla hujaona jamvi.

Katikati ya kilima kimoja nikaona mvuke unatoka kwenye boneti. Hosi ya juu ya rejeta ilikuwa imepasuka. Ami aliisogeza gari pembeni, akazima, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akakaa chini. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi gari ikiwa ya moto. Maji yale yanaruka na kuunguza uso. Ilibidi tusubiri.

Mbele ya nyumba iliyokuwa karibu, wanawake walikuwa wakichambua karafuu: kishada kwenye kiganja cha mkono mmoja, kiganja cha pili kinakisokota, karafuu zinaanguka huku, makonyo yanatupwa kule. Wachumaji walikuwa bado mitini. Wao hulipwa kwa pishi ya karafuu mbichi, kwa hiyo hakuna anayeshuka mapema kwa kupenda. Mwenye shamba, mzee wa makamo ya ami, alituambia mikarafuu yake mingine aliirithi kwa babu wa babu yake. Haikunishangaza. Kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka kwenye vilima hivi.

Ami alikuwa anaikata ncha mbovu ya hosi kwa kisu wingu lilipotanda. Karafuu ikinyeshewa jamvini inapoteza rangi na kuvunda, na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC) linanunua kwa madaraja. Ya kwanza ikishuka kuwa ya tatu, jasho la wiki nzima limepungua thamani. Watu wakaanza kukimbia. Majamvi ya uwanjani yalikuwa mengi kuliko mikono.

Ami hakuniuliza. Alifungua kamba, akavuta turubai kutoka kwenye samadari, akalirusha juu ya majamvi ya mbali. Nikabaki nimeshika kitanda cha bibi kikiwa wazi chini ya wingu jeusi. Kabla sijasema neno, wachumaji wanne walikuwa wameshafika bodini. Wawili wakachukua ubao wa vioo, mmoja mbavu, mmoja godoro la sufi kichwani, na vyote vikaingia barazani tone la kwanza lilipoanguka. Mvua ilipiga kwa nguvu, ikaisha. Karafuu hazikulowa, ila za jamvi moja.

Baada ya hapo hatukuondoka upesi tena. Tuliletewa chai ya mdalasini na muhogo wa nazi. Mtoto wa mwenye nyumba alileta kipande cha tyubu ya baiskeli, ami akakizungusha kwenye hosi, akakaza klempu, na wasichana wakaleta maji ya kisima kwa madumu. Tulipoondoka tulikuwa na mgonjwa wa jino anayekwenda Wete na ndugu zake wawili wa kumsindikiza.

Wete tulilala kwa jamaa. Asubuhi tukanunua halua, tukapita Konde, tukaingia Ngezi. Msitu huu una kama hekta 1,440, ndio mkubwa uliosalia kisiwani, na njia inaupasua katikati. Ghafla jua linakatika, ubaridi unashuka, mivule inasimama kushoto na kulia. Mvua ya jana ilikuwa imeacha utelezi, ami akaenda kwa namba moja, na kwa mwendo ule nilisikia kila ndege. Popo wakubwa wa Pemba, wasiopatikana mahali pengine duniani, huishi kwenye misitu kama huu. Siku ile sikuwaona.

Makangale samadari ilijengwa tena kabla ya Alasiri. Mguu mmoja ulicheza, seremala jirani akachonga kabari, ukatulia. Dada aliigusa kanga, akauliza ni ya nani, nikamweleza. Akasema haitoi pale.

Kesho yake tuliwapeleka watoto Ras Kigomasha kuuona mnara wa taa, ule wa chuma, wakajazana bodini mpaka mwisho wa barabara. Usiku wakaja wavuvi wawili kumwomba ami awachukulie mashine ya boti hadi Tumbe. Hivyo hatukurudi kwa njia tuliyojia. Tulipofika Konde tulikata mashariki, mimi nyuma nimeikumbatia mashine, wavuvi wote wawili mbele, kwa kuwa mmoja alikuwa na homa.