Siku Moja Ghuba ya Chole: Juani, Fungu la Mchanga na Popo wa Jioni

Siku ya kuzunguka Ghuba ya Chole, Mafia, huchaguliwa kwa mwezi wa angani. Mgeni akimwambia mwandaaji "nataka Jumamosi", Jumamosi atapata, lakini huenda magofu ya Kua, mji wa kale wa kisiwa cha Juani, akayatazama kwa mbali, tope la mita 300 likiwa katikati. Sisi tulikuwa 6, pamoja na kiongozi, nahodha na baharia mmoja. Kiongozi alikataa tarehe mbili tulizopendekeza na kutupa ya tatu: asubuhi moja ya Novemba, mwezi ukiwa na siku 6.

Hesabu yake ni hii. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, yaani kujaa na kupwa kukubwa, na pwani hii bamvua hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, kisha maji hupwa kabisa karibu saa 4. Kila siku inayofuata kujaa huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Mwezi ukifikisha siku 5 au 6, na tena siku 19 au 20, maji hujaa mnamo saa 2 asubuhi, hupwa saa 8 mchana, na jioni yanakuwa yamerudi. Ndiyo siku inayofaa: asubuhi unaingia Kua kwa maji mengi, mchana fungu la mchanga liko wazi, jioni unarudi Utende, ufukwe wa kuanzia safari, bila kuburuta chombo. Siku ya bamvua lenyewe kila kitu hugeuka, asubuhi ghuba imekauka na vyombo vimelala ubavu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa zinaridhisha ila kujaa kwenyewe ni kudogo, na kwa Kua kudogo hakutoshi. Jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam linatosha kupangia, Mafia haipishani nalo sana.

Tulikutana ufukweni Utende saa 12:30. Ada ya Hifadhi ya Bahari tulikwisha kuilipa siku iliyotangulia, kwenye lango lililo barabara ya kutoka Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, na kila mmoja alikuwa na stakabadhi yake. Ada hiyo huhesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo angalia saa iliyoandikwa, usije ukalipa siku ya pili kwa sababu ya saa moja tu. Fedha taslimu ni za kuchukua Kilindoni, kwa noti ndogo ndogo.

Kabla ya kupanda, kiongozi alitupanga na kugawa miwani ya kupigia mbizi. Hii ni kazi ya nchi kavu, na inasikitisha kuona makundi yanaifanya baharini chombo kikiyumba. Weka miwani usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua, achia mikono. Ikibaki imeshika, ni yako. Ikidondoka, chukua nyingine, kwa maana mkanda hata ukiukaza vipi hautaziba pengo, utakuumiza kichwa tu. Unywele mmoja chini ya mpira unatosha kupitisha maji, na mwenye masharubu apake mafuta mazito kidogo juu ya mdomo. Miwani miwili ilikataliwa pale pale, mmoja kwa ufa mdogo kwenye mpira. Jaketi okozi nazo zilijaribiwa moja moja: ukiinuliwa mabegani kwa nguvu, lisipande kufika masikioni.

Watu 6 ni kiasi kizuri. Wakizidi 8, kushuka na kupanda kwa ngazi moja hula nusu saa kila kituo, na ndani ya ghuba hii nusu saa ni maji. Isitoshe mashua ya tanga hupimwa kwa uzito wa watu. Nahodha alitukalisha watatu kwa watatu, na kila alipobisha, yaani kuligeuza tanga upande wa pili wa mlingoti, alitaja nani ahame. Wakati huo kichwa kiwe chini ya foromali, ule mti unaobeba tanga, na mkono usiwe juu ya kamba yoyote. Novemba upepo ni mwepesi, kusi limekwisha na kaskazi bado halijashika, kwa hiyo tulikwenda nusu kwa tanga na nusu kwa mashine. Mwezi wa Julai njia hii hii ni ya kubisha dhidi ya kusi, na watu hufika wamelowa. Mwenye kuugua bahari ameze dawa saa moja kabla, kwani akisubiri tumbo lianze haimsaidii tena.

Tulifika Kua saa 2 kasoro. Hapo kazi ilikuwa ya upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo. Baharia aliuchomeka omoni, mbele ya chombo, akauvuta, akaangalia ulipolowa, akasogeza chombo hatua chache, akauchomeka tena. Nahodha hakuutazama upondo, alikuwa anatazama mikoko. Kwenye mizizi yake ya kupinda palikuwa na mstari, chini pamelowa na kuwa peusi, juu pakavu penye chumvi nyeupe, na maji yalikuwa yameugusa mstari huo.

"Mzee, bado?" kiongozi akamwuliza.

"Bado kidogo, mwanangu. Ukiona ukanda uliolowa, upana wa vidole vinne, umebaki wazi chini ya mstari, waite watu wako warudi."

Vidole vinne vile ndivyo saa ya Kua. Baada ya hapo mashua hukaa juu ya tope, na anayebaki nchi kavu huvuka kwa miguu akizama hadi magotini, juu ya vipande vya chaza vinavyokata kama wembe. Siku ile chombo cha kundi jingine kilifika tukiwa tunaondoka. Walikuwa wamechelewa kunywa chai hotelini. Waliyaona magofu kutoka majini, wakageuza.

Mji wa Kua uko upande wa magharibi wa kisiwa cha Juani, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kubwa kuliko yote ni jumba la watawala, kuta zake za ghorofa zingali zimesimama, mizizi ya miti imezishika kama vidole. Kuna misikiti kadhaa, makaburi na mabirika ya maji. Mji ulistawi katika karne ya 18, kisha mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, walikuja kwa vyombo vyao, wakaupora na kuchukua watu. Haukusimama tena. Kuna pia kisa cha ugomvi wake na mji wa Kisimani, upande wa pili wa Mafia: watu wa Kua walialikwa kushusha jahazi, watoto wao wakalazwa chini ya mkuku, uti wa chini wa chombo, ili chombo kipite juu yao. Miaka ikapita, Kua wakaalika harusi, wakawaingiza wageni wa Kisimani chumba cha chini, na mlango ukajengwa kwa mawe wakiwa ndani. Ni masimulizi, wala hakuna aliyetuambia kuwa chumba kimeonekana. Lakini kisikilizeni pale pale, mkiwa kimya, kwa kinywa cha mtu wa visiwa hivi.

Ndani ya magofu vaa viatu vilivyofunga kisigino. Ndara huvutwa na mizizi, na ardhi ya Juani ni jiwe kali lililotoboka toboka. Usipande ukuta hata kwa picha, kwani chokaa imeliwa na mizizi, na jiwe moja likitoka huondoka na mengine matano. Vigae vya vyombo vya kale vimezagaa chini, vingine vina rangi ya buluu. Tazama, usiokote: vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kigae kikitolewa mahali pake hakimwambii mtafiti kitu tena. Tulitembea saa moja na robo. Kiongozi aliangalia mizizi ya mikoko mara mbili, na mara ya pili akatuita.

Wengi huuliza kama ziara hii inaonyesha kasa na papa potwe. Kasa wa kijani hutaga upande wa mashariki wa Juani, na vifaranga hutoka zaidi kati ya Juni na Septemba, lakini hiyo ni safari nyingine yenye saa zake, kwa kuwa huongozwa na kiota. Papa potwe huonekana upande wa Kilindoni, takriban Oktoba hadi Machi. Atakayekuahidi vyote kwa siku moja anakuuzia mbio.

Kutoka Kua tulifuata maji yanayotoka. Kufikia saa 6 fungu la mchanga lilikuwa limeibua mgongo, na baharia akasimamisha nguzo nne na turubai. Chakula kilikuwa wali wa nazi, changu wa kuchoma, kachumbari na maembe. Maji ya kunywa tulihesabu lita 3 kwa kila mtu, na yalikwisha. Jua la juu ya mchanga mweupe hupiga mara mbili, kutoka angani na kutoka chini, na mahali panapoungua kuliko pote ni nyuma ya magoti na kisigino wakati wa kuogelea kifudifudi. Shati la mikono mirefu na suruali nyepesi vinashinda losheni yoyote, na wala havichafui maji juu ya matumbawe.

Sasa kuhusu saa ya kuingia kwenye matumbawe, ambayo ndiyo inayokosewa kuliko zote. Ghuba ya Chole hujaa na kukauka kupitia milango michache, mkubwa ukiwa Kinasi. Maji yakitoka, hutoka na tope la mikokoni, kwa hiyo huoni vizuri, na mkondo unakuvuta kuelekea bahari kuu. Wapiga mbizi wa humu hawaogelei karibu na Kinasi wakati wa kupwa. Kiongozi wetu alitutaka tupumzike hadi saa 8:30, maji yalipokwisha kusimama na kuanza kurudi. Maji yanayoingia ni ya baharini, safi, na mkondo ukikuchukua unakupeleka ndani ya ghuba. Tulishushwa upande wa juu wa mkondo, watu wawili wawili, mashua ikatufuata taratibu na kutuchukua chini, dakika 40 baadaye. Tofauti ilionekana kwa macho: saa 8 tulipochungulia kutoka mashuani chini palikuwa kijani cha ukungu, nusu saa baadaye kila tawi la tumbawe lilionekana.

Usisimame. Mtu akiingiwa na maji kwenye mrija hutafuta mahali pa kukanyaga, na hapo ndipo tawi lililokua miaka mingi huvunjika, au mguu huangukia wale wanyama wa miiba mirefu myeusi. Maji yakiingia, lala chali, jaketi litakubeba, puliza mrija, endelea. Mapezi nayo yapigwe kutoka nyongani, polepole. Ukipiga kama unaendesha baiskeli unatifua mchanga, nao ukilikalia tumbawe unalidhuru. Kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, kiache kilipo. Kumtoa majini kwa picha ni kumuumiza.

Chole tulifika saa 10 na nusu. Kisiwa ni kidogo, mji wake wa zamani, Chole Mjini, ulikuwa makao ya utawala wa Mafia hata wakati wa Wajerumani, kabla hayajahamishiwa Kilindoni. Jela yao ingalipo, mti umeikumbatia kuta. Januari 1915 Waingereza waliitwaa Mafia, na kutoka huko wakaiwinda meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye delta ya Rufiji, hadi ilipoangamizwa Julai mwaka huo huo. Kabla ya kuingia kijijini tulifunika mabega na magoti. Kiongozi akapiga hodi kwa mafundi wa vyombo, tukawaamkia wazee.

Palikuwa na mashua moja juu ya magogo, mkuku na mataruma, yaani mbavu zake, tayari, mbao za ubavuni zimefika nusu. Fundi alitoboa kwa keke kwanza, akapima msumari kwa jicho, ndipo akagonga. Ukigonga bila kutoboa, ubao hupasuka kwa kufuata uzi wake, nao ni kazi ya asubuhi nzima kuuchonga kwa tezo. Kijana pembeni alikuwa akisokota pamba ya kalafati na kuishindilia kati ya mbao. Tulikaa nao dakika 20 na ningetaka ziwe saa 2.

Popo wakubwa wa Chole hulala mchana kwenye miti mirefu, wakining'inia kwa mamia, wamejifunga mbawa. Baadhi ya wasindikizaji hupiga makofi au kurusha kijiti ili waruke wageni wapate picha. Wakatazeni mapema. Popo akirushwa juani hupoteza nguvu aliyoihifadhi kwa safari ya usiku, na mama aliyebeba mtoto anaweza kumwangusha. Hakuna haja yoyote, wataruka wenyewe. Jua lilipozama walianza kutoka mmoja mmoja, kisha makumi, wakavuka mlango wa bahari kuelekea kisiwa kikubwa kula matunda.

Nasi tulivuka chini yao. Maji yalikuwa bado yanajaa, upondo ulizama bila kugusa kitu hadi karibu na Utende. Nahodha aliangusha tanga, akaacha mashua iende kwa mwendo iliyobaki nao, na mkuku ulipogusa mchanga tulishuka wawili wawili, mmoja kila upande, maji yakiwa ya kiunoni.