Dawa ya magoti ikikutuliza usiku mmoja, iogope

Jioni pale stendi, kabla matatu haijajaa, muuzaji huingia na chupa mkononi: magoti, mgongo, nyonga, vyote vinapona. Kwenye WhatsApp ya chama ni chupa ileile, ila picha zimepambwa zaidi. Ukisoma lebo utakuta glukosamini na kondroitini, pengine na kolajeni na manjano.

Hizo mbili za kwanza zimepimwa sana. Utafiti wa GAIT wa Marekani, uliochapishwa 2006, ulikuwa na watu 1,583 wenye maumivu ya goti. Baadhi walimeza glukosamini miligramu 1,500 kwa siku, na wengine vidonge vitupu visivyo na dawa yoyote. Baada ya wiki 24, waliopata nafuu kwa vidonge vitupu walikuwa asilimia 60. Kwa glukosamini walikuwa 64, tofauti ambayo huenda ni bahati tu. Kikundi kidogo chenye maumivu makali zaidi kilionekana kufaidika na mchanganyiko wa zote mbili, na hicho ndicho wauzaji hupenda kukitaja. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani kilishauri kwa mkazo zisitumiwe kwa goti lililolika.

Hiyo asilimia 60 ndiyo inayouza chupa. Maumivu ya goti hupanda na kushuka. Mtu hununua dawa siku yamemzidi, na baada ya muda yangeshuka hata angekunywa uji tu. Shangazi anayetoa ushuhuda hadanganyi. Amepata nafuu kweli.

Chupa ya kuogopwa zaidi ni ile inayofanya kazi haraka. Glukosamini haiwezi kukutoa kitandani kesho yake ukatembea bila maumivu. Ikitokea hivyo, shuku kuna kitu kingine ndani. Mwaka 2022 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilionya kuhusu Artri King, iliyouzwa kama kirutubisho cha viungo: maabara ilikuta diklofenaki, dawa ya maumivu, na deksamethasoni, na lebo haikutaja hata moja. Diklofenaki huweza kutoboa vidonda tumboni na kuumiza figo. Deksamethasoni ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Hupandisha sukari na presha, uso hufura na kuviringika, na ikitumiwa kwa majuma, tezi zilizo juu ya figo hulala, zikaacha kutengeneza homoni yake.

Kwa hiyo mama akiwa ameitumia muda mrefu, tafadhali usimnyang'anye chupa. Kuiacha ghafla kunaweza kumletea kutapika, udhaifu na presha kushuka vibaya. Mpeleke kwa daktari upesi, na chupa yenyewe mkononi, apunguziwe taratibu.

Hata glukosamini halisi ina tahadhari zake. Nyingi hutengenezwa kwa maganda ya kambamti na kaa, kwa hiyo mwenye mzio navyo ajihadhari, na anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, anaweza kuvuja damu kirahisi zaidi.

Pesa hiyo ina kazi bora. Uliza kemisti jeli ya diklofenaki ya kupaka gotini. Kiasi kidogo tu ndicho huingia kwenye damu, ila mwenye figo mbovu au vidonda vya tumbo amuulize daktari kwanza. Kisha kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja, shikilia sekunde 5, shusha polepole, mara 10 kila mguu. Kwa mwenye uzito mkubwa, kila kilo moja inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua.

Goti likivimba ghafla, likawa la moto na homa juu, hilo ni la hospitali siku hiyohiyo.