Jina la babu kwenye kitambulisho changu

Ukikulia Ulyankulu, huku kwetu Tabora, unajua mapema kwamba majina ya Warundi hayafuatani. Baba ana lake, baba mdogo lake, shangazi lake. Watu wa tumbo moja, na hakuna jina la ukoo. Burundi mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na mara nyingi linaeleza hali ya nyumbani alipozaliwa: shukrani kwa Mungu, msiba, hata ugomvi na jirani.

Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi kuja Tanzania mwaka 1972, wakikimbia mauaji ambayo Warundi tunayaita Ikiza. Babu hakuvuka, na kaburi lake hatulijui. Wao wakaletwa kwenye makazi ya Ulyankulu, wakafyeka miombo, wakajifunza kulima tumbaku. Baba alipanda migomba pale maji ya bafuni yanapomwagika, kwa sababu kwake mji usio na mgomba haujawa mji. Kiangazi cha Tabora hakikumhurumia.

Nilipoandikishwa shule, mwalimu alitaka majina matatu: la mtoto, la baba, la babu. Ndivyo Tanzania inavyoandika watu. Baba alinyamaza kidogo, kisha akalitaja jina la babu, herufi kwa herufi, ili lisikosewe. Toka hapo mimi na ndugu zangu tukawa na majina mawili yanayofanana, jambo ambalo baba na ndugu zake hawakuwahi kuwa nalo. Mzee ambaye hakufika Tanzania akawa anasomwa kwenye rejista ya darasa, na mimi naitika.

Mwaka 2007 wakimbizi wa 1972 waliulizwa wachague: kurudi Burundi au kuomba uraia. Zaidi ya 160,000 walipewa uraia, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Nilikipokea changu kwa furaha kubwa. Lakini wanaoniuliza ni lini nilianza kuwa Mtanzania, nawajibu: darasa la kwanza, kwa jina la Mrundi.

Nimeshakwenda Makamba, kusini mwa Burundi, kupitia Kigoma na mpaka wa Manyovu, kumwona dada yangu, mtoto wa baba mdogo aliyerudi. Alishika kitambulisho changu, akasoma jina la babu, akakaa nacho muda mrefu. Kisha akampelekea mama yake jikoni. Kwenye karatasi zake zote jina hilo halimo. Yeye ndiye anayeishi kwenye kilima alichozaliwa babu, mimi ndiye ninayebeba jina lake. Sidhani kama mmoja wetu ni Mrundi zaidi ya mwenzake.

Mume wangu ni Mnyamwezi, kwa hiyo watoto wetu wanaandikwa kwa jina lake na la baba yake. Jina la babu yangu lingeishia kwangu. Nilipojifungua mtoto wa kiume nikasema lake la kwanza liwe hilo. Mama hakukubali: mtoto haji na jina la mtu mwingine, anakuja na lake. Tulibishana wiki nzima, yeye kwa Kirundi, mimi kwa Kiswahili. Mume wangu alikubaliana na mimi. Kwenye cheti cha kuzaliwa limeandikwa la babu, na mama anamwita kwa lile alilomchagulia yeye.