Mwaka ambao Kulwa alibaki Igogo

Jumamosi tulikuwa tunayawekea madaftari majalada, magazeti na gundi vimetapakaa mkekani, mimi naandika majina. Doto, darasa la sita. Kulwa, darasa la tano. Kulwa akaliokota la kwake, akalitazama kidogo, akaniuliza, "Mama, nilifanya nini mpaka nikabaki?"

Nikamwambia hakufanya kosa lolote. Akaitikia, lakini namjua, hakuridhika.

Ilikuwa Januari 2019, pacha wangu wana miaka minne na nusu, na kila mtu ana kipimo chake. Shule ya serikali ya jirani ilitaka mtoto awe ametimiza miaka mitano. Ada huko ilishafutwa tangu 2016, lakini darasa la awali lilijaa mpaka mlangoni. Tukaenda shule moja ya binafsi upande wa Pasiansi, hapa Mwanza, wakawafanyia usaili: rangi, kuhesabu mpaka kumi, kuchora mtu. Doto alitaja rangi zote, akaongeza na ya gauni la mwalimu. Kulwa, aliyekuwa akihesabu ngazi za kwa bibi yake mpaka ishirini bila kukosea, hakutoa neno. Mwalimu alituambia kwa upole kabisa: wa kike aanze, wa kiume aje mwakani.

Baba yao alisema waende wote au wabaki wote. Shangazi yao akasema wasichana huwahi, tusijisumbue. Mimi nilikuwa namwaza Kulwa, ambaye ndiye aliyetangulia kuzaliwa, akiamka asubuhi na kukuta mwenzake keshavalishwa sare.

Tukampelekea bibi yao shauri. Kwanza akawapima kwa njia ya zamani: mkono wa kulia upite juu ya utosi, ushike sikio la kushoto. Vidole vya Doto vililigusa kwa shida. Vya Kulwa viliishia kwenye nywele. Wengi wetu tuliandikishwa hivyo, enzi ambazo cheti cha kuzaliwa hakikuwa kitu cha kila nyumba, na umri wa darasa la kwanza ulikuwa miaka saba. Kwa mtoto wa chekechea kipimo hicho hakisemi mengi, na bibi mwenyewe alilijua hilo. "Huo ni mkono tu," alisema. "Hebu tuwatume."

Kwake ni Igogo, juu kwenye mawe. Duka la Mangi liko chini, na ukisimama kwenye jiwe analoanikia nguo unaliona lote, pamoja na kipande cha ziwa nyuma yake. Doto alitumwa kiberiti. Alishuka akiimba, akarudi na kiberiti, chenji na salamu za Mangi.

Kulwa akapewa sarafu ya mia tano akalete chumvi. Alishuka taratibu, ameishika kwa mikono miwili. Dukani walikuwepo watu wazima kama wanne. Akasimama nyuma yao. Mmoja akaondoka, nikadhani sasa atasogea, lakini akaja kijana wa bodaboda akapita mbele yake, akanunua vocha, akaondoka. Akaja mama mwenye ndoo. Kulwa akasogea pembeni kumpisha. Kaunta ilikuwa juu ya kichwa chake, na kutoka kule juu niliona jinsi anavyoinua uso kila sauti ya Mangi inaposikika, kisha anauinamisha tena. Aliinua mkono mara moja, ule wenye sarafu, mpaka usawa wa bega. Mangi alikuwa ameinama anapima mchele.

Nilitaka kushuka. Mama mkwe akanishika kanga. "Mwache."

Nikabaki nimesimama. Jua lilikuwa kali, jiwe linachoma miguu. Duka likabaki tupu kabisa, hakuna mteja hata mmoja, na Mangi akaingia ndani. Kulwa akasubiri. Kisha akageuka, akaanza kupanda, safari hii bila kuhesabu ngazi. Hakuwa analia. Alipofika alimwendea bibi yake, akasema, "Bibi, hawanioni."

Bibi akakifungua kiganja chake kidole kimoja kimoja, akaitoa sarafu, akampangusa jasho la shingoni. Aliponigeukia alikuwa ameshaamua. "Mama Kulwa, huyu akienda sasa, na mwalimu hatamwona."

Doto alianza Jumatatu. Kulwa akabaki Igogo, mimi nikawa namchukua mwisho wa wiki. Bibi alimtuma kila siku: kwa Mangi, kwa jirani kuazima ungo, kwa mama wa dagaa. Katikati ya mwaka nikaambiwa kwamba sasa anagonga kaunta kwa sarafu na kusema, "Mangi, nipo." Mimi sikuwepo, nilisimuliwa tu, na hilo bado linaniuma.

Januari 2020 tulirudi kwa mwalimu yule yule. Rangi hakuzitaja zote. Lakini katikati ya maswali alisema kwa sauti ya kusikika, "Mwalimu, choo kiko wapi?" Akapokelewa.

Tarehe 17 Machi shule zikafungwa kwa sababu ya korona, zikafunguliwa tarehe 29 Juni. Miezi yote hiyo Doto alimfundisha mwenzake kwa chaki kwenye mlango wa jiko, na Kulwa alibisha, alicheka, alikataa kusahihishwa. Kwa hiyo siwezi kusema kilichompa sauti ni mwaka wa Igogo, au ni ile miezi ya mlangoni, au ni umri tu uliofika kwa wakati wake.

Jirani yangu ana binti wa miaka mitatu na nusu na anataka ampeleke mwezi huu. Anajitetea kwamba sera mpya imeshusha darasa la kwanza hadi miaka sita, na kwamba binti anajua herufi zote. Nilimwuliza kama anaweza kumwambia mtu mzima asiyemzoea kwamba amebanwa na mkojo. Akafikiri, akasema hajawahi kumwona akifanya hivyo. Akaniuliza kama basi asubiri mwaka mmoja, na hapo nilishindwa kumjibu. Nilimwambia amtume kwanza duka la karibu, naye asimame mahali ambapo anamwona mtoto na mtoto hamwoni.