Pesa ya mashine haiguswi

Leo nimeshinda Chamwino kwa kikundi cha akina mama wanaokamua alizeti, mfadhili aliyewanunulia mashine alishaondoka zamani na mimi kwa kweli nilitegemea kukuta pamefungwa, maana miradi mingi tunajua huwa inaishia hapo.

Nikakuta foleni ya magunia!

Mama mweka hazina akanifungulia daftari. Kuna mafuta, kuna mashudu wanayowauzia wafugaji, halafu kuna ukurasa umeandikwa kwa peni nyekundu PESA YA MASHINE. Kila wakikamua wanaweka kitu pale kwanza, ndo wagawane. Nikamuuliza, na mtoto akiumwa je?

"Mwanangu, hiyo ipo kwenye mfuko wa jamii wa kikundi chetu. Hii mashine ikilala, tunalala njaa wote."

Nimeukodolea macho ule ukurasa hadi nikasisimka jamani. Na mkulima mdogo hawajampandishia bei ya kukamua.

Ile mikopo ya halmashauri inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) inasaidia sana kuanza, ila spea na umeme wa kila mwezi vinatoka wapi?

Nyie wa Kongwa, Bahi, Singida, vikundi vyenu vinafanyaje? Niambieni.